Darubini na Mzega

Katika mwaka wangu wa kwanza katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa sayansi alichora mstari ulionyooka ubaoni, akaweka pembetatu ndogo chini yake, kisha akatuambia kwamba uzito wa upande mmoja ukizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo, na uzito wa upande wa pili ukifanyiwa vivyo hivyo, majawabu mawili yakiwa sawa mstari ule hautainama. Niliyaandika maneno hayo kwa wino wa buluu, nikayapigia mstari kwa wino mwekundu, na mtihani ulipofika nikapata alama zote. Baadaye niliyafundisha mwenyewe kwa muda wa miaka minane. Walakini ilinibidi kuiangusha darubini ya shule katika tope la Mida ndipo nilipoyafahamu.

Mida ni hori iliyo kusini ya Watamu, katika Kaunti ya Kilifi. Maji yakijaa, huwa kama ziwa lililozungushiwa ua wa mikoko; yakipwa, hubaki uwanda mpana wa tope na mchanga ambao mgeni huudhani kuwa mtupu. Uwanda huo una matundu ya kaa yasiyohesabika, na kwa ajili ya kaa hao, na minyoo na konokono wa baharini, ndege huja kwa maelfu kutoka mbali. Wengine huzaliwa katika nyika za Siberia, huruka bara baada ya bara, wakaja kula Pwani yetu mpaka mwezi wa Aprili. Hori hii na bahari iliyo mbele yake zimehifadhiwa kwa sheria tangu mwaka wa 1968.

Ndege aliyetupeleka Mida ni mla kaa. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu yake ni mirefu ya rangi ya majivu yenye kielekeo cha buluu, na mdomo wake mweusi ni mnene kama nyundo, kwani kazi yake ni kuvunja magamba. Huzaa katika fukwe na visiwa vya Uarabuni na Ghuba, Omani ikiwa miongoni mwa nchi hizo. Naye hajengi kiota bali huchimba shimo mchangani, akataga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Wazee wetu walizoea kuwaona watu wa Omani wakiingia na upepo wa kaskazi ndani ya majahazi. Mla kaa hushuka njia hiyo hiyo, ila yeye hangoji kaskazi: mwezi wa Agosti huwa amekwisha anza kufika.

Watafiti huwavika baadhi ya ndege wa pwani pete au vibati vya rangi miguuni, vyenye herufi na tarakimu, ili mtu yeyote atakayemwona ndege huyo aweze kutoa habari zake. Chama cha wanafunzi cha mazingira nilichokilea kilikuwa na tamaa moja kubwa: kusoma pete moja. Jambo hilo ni rahisi kulisema. Ndege husimama mita 100 na zaidi kutoka kwa mtazamaji, jua humetameta juu ya maji, na herufi yenyewe ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Macho hayatoshi, na hata darubini pekee haitoshi, kwa sababu ndege hatulii na jicho huchoka. Inafaa ipigwe picha kwa kupitia ndani ya darubini, kisha isomwe polepole mezani.

Sanaa hiyo ya kuiweka kamera nyuma ya darubini ilipata umaarufu baada ya mwaka wa 1999, Laurence Poh, mtazama ndege wa Malaysia, alipoielekeza kamera yake ya dijitali kwenye kioo cha darubini, akashangaa kuona picha safi. Mfaransa Alain Fossé ndiye aliyeipa jina ambalo watu wa kazi hiyo hulitumia hata leo, digiskopingi. Mimi jina hilo sikulijua. Nilikuwa na darubini ya jicho moja, mali ya shule, yenye kioo cha mbele cha milimita 80 na ukuzaji wa mara 30. Nilikuwa na kamera yangu mwenyewe. Na nilikuwa na bomba fupi la kuviunganisha viwili hivyo. Niliona kwamba hesabu imekamilika.

Msomaji na afahamu kwamba kioo kinachomkuza ndege mara 30 hukuza na mtetemeko mara 30. Pumzi ya mtu, upepo mdogo, hata kidole kinachobonyeza kitufe, huonekana katika picha kama tetemeko la ardhi. Ndiyo sababu darubini huwekwa juu ya tripodi, kiweko cha miguu mitatu. Miguu mitatu haina mashindano juu ya ardhi isiyo sawa, na kila mtoto aliyeyaona mafiga jikoni analijua hilo. Lakini mafiga huchukua chungu katikati yake. Sijapata kumwona mpishi atiaye chungu juu ya figa moja.

Jumamosi moja ya Februari 2019 tulitoka na wanafunzi 14 kwenda Mida. Kwanza tuliitega tripodi juu ya daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko; kila mwanafunzi alipopiga hatua, mla kaa alicheza ngoma ndani ya kioo. Tukashuka, tukasimama ukingoni mwa tope. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na maji yanapojaa huwasukuma ndege karibu na watu.

Nilipofunga kamera nyuma ya darubini, kichwa cha tripodi kililegea, mdomo wa darubini ukatazama juu kama jogoo anayewika. Nilikaza skrubu. Ukatazama juu tena. Nilikaza kwa nguvu zangu zote, ukatulia. Nami nikaona kwamba nimeshinda. Tena kwa kuwa mimi ni mrefu na sikupenda kuinama mbele ya wanafunzi, niliupandisha mti wa kati wa tripodi mpaka mwisho, na miguu nikaiacha karibu karibu. Nikaiagiza kamera ipige picha yenyewe kila baada ya sekunde 2, nisije nikaitikisa kwa kidole, kisha nikageuka kuwaeleza wanafunzi habari za safari za ndege. Nilipenda sana kueleza.

Nyuma yangu palisikika mshindo. Darubini ilikuwa imelala chali topeni, na karibu na mguu wa nyuma wa tripodi alisimama mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, kijana mkimya aliyekuwa na daftari la kuhesabia ndege. Sikuuliza. Nilisema, "Umekanyaga mguu!" Akanitazama, akajibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sikukanyaga. Lakini ukisema nimekanyaga, nitanyamaza."

Naye alinyamaza. Mimi sikunyamaza. Tulipofika shuleni nililifungua daftari la vitu vilivyoharibika, nikaandika jina lake na maneno "kwa uzembe", nikampa barua ya kumpelekea mlezi wake, yaani bibi yake, mzee aishiye kwa kusuka na kuuza makuti. Darubini ilikuwa imepoteza macho: ukichungulia ulimwona kila mtu wawili wawili, kwa sababu vioo vya ndani vilikuwa vimehama mahali pake.

Usiku wa Jumapili niliisafisha kamera yangu kwa mswaki, nikaiwasha nione kama ingali hai. Ilikuwa hai, na ndani yake mlikuwa na picha 11, kila moja imeandikwa saa, dakika na sekunde. Katika picha ya kwanza mla kaa alisimama katikati. Katika ya pili alikuwa ameshuka kidogo. Katika ya nne miguu yake ilikatwa na ukingo wa chini. Katika ya sita palibaki kichwa peke yake. Katika ya nane vilele vya mikoko. Katika ya kumi mbingu tupu. Ya kumi na moja ilikuwa giza.

Nilizitazama picha zile mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mguu uliokanyagwa huruka mara moja. Huu haukuruka, bali ulizama kwa sekunde 20, polepole, kama mtu mchovu anayesinzia. Nilichukua kalamu na karatasi, nikachora ule mstari wa chuoni na pembetatu yake. Darubini ilikuwa imefungwa kwenye tripodi pale ilipojisawazisha yenyewe, na jambo hilo lilikuwa sawa kabla ya kuongeza kitu. Kisha mimi nikaning'iniza kamera nyuma yake. Uzito wote ukavutwa nyuma, nami badala ya kuurudisha katikati nikakaza skrubu. Skrubu ilizuia kichwa kisiiname, lakini haikuuondoa uzito. Iliupeleka tu chini kwenye mguu wa nyuma, na mguu wa nyuma ulisimama katika tope laini. Kadiri ulivyozama ndivyo darubini ilivyoegemea nyuma, na kadiri ilivyoegemea ndivyo uzito uliouzamisha ulivyozidi. Mti mrefu wa kati na miguu iliyobanana viliiharakisha safari.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisikia bila kulisikiliza. Katikati ya maelezo yangu sauti ilisema nyuma yangu, "Mwalimu, samahani," nami bila kugeuka nikajibu, "Ninaposema usinikatize."

Asubuhi ya Jumatatu nilikusudia kufika shuleni mapema, nimwite kijana kabla ya kengele na tuyamalize mambo yetu wawili. Ilikuwa ni hila, na najua ilikuwa hila: nilitaka kukiri pasipo na watu. Lakini nilipofika langoni nilimkuta ajuza ameketi juu ya jiwe, na mjukuu wake amesimama kando.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe mwalimu wa darubini?" Akalifungua pindo la kanga yake, akatoa noti zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama tambuu. Zilikuwa shilingi 600. "Hiki ni cha kuanzia," akasema. "Kingine kitafuata makuti yakinunuliwa."

Wanafunzi walikuwa wakipita langoni kwa makundi. Nilimwambia kwamba mjukuu wake hakukosa, na kwamba aliyeiangusha darubini ni mimi, kwanza kwa mikono yangu na pili kwa masikio yangu. Nilidhani angekasirika, au angelia, au angenibariki kama wafanyavyo mabibi katika hadithi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alizikunja noti zake upya, akazifunga pindoni, akasema, "Basi jina lake lifute." Kisha akaondoka, kwani siku ya makuti hupotea upesi.

Jina la wino halifutiki. Nililikata kwa mstari, nikaandika langu chini yake, nikatia sahihi, na asubuhi hiyo hiyo nikaeleza habari yote kwenye gwaride mbele ya shule nzima. Mkuu wa shule alisema kwamba gharama ya matengenezo itakatwa katika mshahara wangu kwa miezi mitatu, nami sikuona neno la kujibu. Wanafunzi wengine walicheka, na hilo ni haki yao. Kijana mwenyewe hakucheka. Kwa muda wa wiki moja aliniamkia kwa adabu ile ile ya siku zote, nami adabu ile iliniuma kuliko kicheko.

Alikuja mwenyewe mwishoni mwa wiki, wakati ninaposahihisha madaftari. Alisema, "Mwalimu, nimefikiri juu ya tripodi. Marehemu babu alikuwa mchukuzi wa maji Malindi. Alichukua kwa mzega." Mzega, kwa wale ambao hawakuuona, ni mti unaowekwa begani, na kila mwisho wake huning'inia debe la maji. "Babu alisema, debe moja likipungua maji, mchukuzi mjinga hulishika debe zito kwa mkono lisishuke, akachoka kabla ya kufika. Mchukuzi mwerevu huusogeza mti begani mpaka bega liwe karibu na debe zito. Basi, hatuwezi kuisogeza darubini?"

Tuliketi pamoja, tukatwaa mizani ya maabara. Darubini yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo 1.6. Kamera pamoja na lenzi yake na bomba la kuunganishia vilikuwa kilo 0.7, na kiini cha uzito wao kilikuwa sentimita 20 nyuma ya mahali pa kufungia darubini. Kilo 0.7 mara 20 ni 14. Uzito wote ni kilo 2.3. Kumi na nne ikigawanywa kwa 2.3 hutoa 6 na kitu kidogo. Maana yake ni kwamba tungeisukuma darubini mbele sentimita 6, kichwa cha tripodi kingekuwa chini ya kiini cha uzito wa vitu vyote viwili. Kijana alihakikisha mwenyewe: mbele 1.6 mara 6, yaani 9.6, nyuma 0.7 mara 14, yaani 9.8. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko unyevu wa tope.

Tripodi haina nafasi ya kusukuma kitu sentimita 6, kwa kuwa bamba lake la kufungia ni fupi. Tulikwenda kwa fundi wa vyuma, akatukatia kipande cha aluminiamu chenye urefu wa sentimita 20, akakitoboa tundu refu la kupitisha skrubu ya robo inchi, ambayo ndiyo skrubu ya kamera na darubini karibu zote. Darubini ikafungwa mwisho wa mbele wa bamba hilo, na bamba likawa linasogezwa mbele na nyuma kama mzega begani. Siku hizi mabamba ya namna hiyo huuzwa madukani kwa bei nisiyopenda kuitaja. Letu lilitugharimu shilingi 350 na soda ya fundi.

Namna ya kupima ni hii: legeza skrubu zote za kichwa, ukiwa umeikinga darubini kwa mkono isije ikaanguka, kisha ondoa mkono kidogo kidogo. Ikiwa mdomo wake unapanda, uisogeze mbele. Ikiwa unashuka, uirudishe nyuma. Ikibaki pale pale ulipoiacha, hapo imekubali, na skrubu itabaki na kazi ya kuilinda tu, si kupigana nayo. Tena uzito wa kamera ni lazima usiachwe ulipinde bomba la kuunganishia, kwani kamera ikilala upande hata kidogo, katika pembe ya picha huingia kivuli cheusi kama mwezi uliopatwa.

Mengine tuliyajifunza kwa kukosea. Mti wa kati hatuupandishi tena, na mwenye urefu huinama. Miguu hutanuliwa, na chini ya kila mguu huwekwa kifuu cha nazi kilichofudikizwa, tope likose mahali pa kushika. Tulipoona watu wakining'iniza mfuko mzito chini ya tripodi tukawaiga, lakini upepo uliubembeza mfuko na picha zikaharibika. Sasa hutumia kikapu cha mchanga, nacho hufungwa kwa kamba hata kikagusa ardhi.

Darubini ilirudi kutoka kwa mafundi mwezi wa Mei, na mla kaa walikuwa wamekwisha kwenda zao. Tulingoja mpaka Oktoba. Siku hiyo sikuitega tripodi mimi. Kijana ndiye aliyeitega, akaisawazisha, akaondoa mkono, darubini ikabaki vile vile ikiutazama uwanda wa tope. Nilisimama kando na daftari la kuhesabia ndege.

Pete hatukuisoma. Ndege mmoja alikuwa nayo, naye alisimama ndani ya maji yaliyoifunika, kisha akaruka. Lakini mbele yetu walitua wawili, mmoja mkubwa na mmoja wa rangi ya kijivu, mtoto wa mwaka ule. Watoto wa mla kaa huendelea kulishwa na wazazi hata baada ya kusafiri bahari nzima. Mtoto aliinama, akalia kwa sauti nyembamba, na mzazi akamletea kaa. Kamera ilipiga kila baada ya sekunde 2. Jioni tulizitazama picha zote darasani, moja baada ya moja, na kisiki cha mkoko kilichokuwa nyuma ya ndege wale kilikaa mahali pake tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

Kijana alichapisha moja, akampelekea bibi yake. Aliniambia kesho yake kwamba bibi aliishika karibu na taa, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza yule kaa alikuwa wa aina gani.